Je, Ultrasaundi Inaingilia Elimu ya Ghaibu?

Wapo wanaoikataa ultrasaundi kwa hoja ya Sura Luqman, aya ya 34, kwamba yaliyomo matumboni anayajua Mwenyezi Mungu. Kwangu hoja hiyo haisimami. Mashine hupeleka mawimbi ya sauti na kupokea mwangwi wake. Huonyesha kiumbe ambacho kimekwisha kuumbwa, na huweza kukosea. Riziki ya mtoto, umri wake na mwisho wake haivijui.

Mama wa kisiwani kwa Wabajuni akipimwa mapema na kondo la nyuma likaonekana limeziba njia ya uzazi, atavuka bahari kwenda Kismayo kabla damu haijaanza kutoka. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia. Anayemzuia kwa jina la ghaibu atajibu nini mbele ya Mola?

Wallahu a'lam.