Amana Baada ya Mauzo

Sisi tuishio Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, tulilijua neno amana kabla ya kulijua neno benki. Mvuvi aendaye dago humwachia jirani fedha au ufunguo wa nyumba, na jirani hutunza mpaka mwenyewe arudi. Hatuulizani dini: Mkristo huweka kwa Mwislamu, na Mwislamu kwa Mkristo. Kwa hiyo tunapowasikia vijana wetu waliosoma wakitaja kazi ya kusimamia mali za watu huko mijini, swali letu ni la zamani: mtu aliyepewa amana, tena akalipwa kwa kuitunza, atabakije mwaminifu?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Wengi wa watu hawa huanzia katika benki za uwekezaji. Serikali ikitaka kuuza hisa zake, au kampuni ikitafuta mtaji, wao hukadiria bei, huandaa nyaraka na kutafuta wanunuzi. Mauzo yakikamilika hupokea ujira wao na kwenda kwenye shughuli nyingine. Baada ya miaka, baadhi yao huvuka upande wa pili, wakawa wasimamizi wa mali. Huko hukaa na mwenye fedha, wakamuuliza ana watoto wangapi, atastaafu lini, anaogopa nini. Kisha huzigawa fedha zake kati ya hisa, hatifungani na akiba ya benki, wakilipwa sehemu ndogo kila mwaka. Wa kwanza yuko nawe siku ya mauzo. Wa pili hupaswa kuwa nawe mpaka mavuno.

Tofauti hiyo si ndogo. Jirani zetu wa Kenya waliiona mwaka 2008. Dyer & Blair, kampuni ambayo Jimnah Mbaru aliichukua mwaka 1983 na kuikuza, ilikuwa miongoni mwa washauri wa serikali katika kuuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja kwa wanunuzi wa ndani. Mamia ya maelfu ya watu walijitokeza, wengine kwa fedha za mkopo. Miezi michache baadaye bei ilishuka chini ya shilingi 5. Wenye madeni waliuza kwa hasara. Waliosubiri kwa miaka waliiona bei ikipanda na kuizidi mara kadhaa ile waliyonunulia.

Hatuwalaumu wauzaji. Walifanya kazi waliyotumwa, na hisa zilikuwa za kweli. Lakini tazama: hisa zilikuwa zile zile, na bei ilikuwa moja kwa wanunuzi wote wa ndani. Kilichowatenga watu ni fedha waliyonunulia, kama ilikuwa yao au ya deni, na kama walikuwa na mtu wa kuwashauri baada ya siku ile. Tajiri hulipia shauri hilo. Maskini hufikiwa na tangazo tu.

Pengo hilo halikai tupu. Hapa Tanzania DECI ilikusanya fedha za watu wengi kwa lugha ya kanisa, lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, na miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani. Kwa hiyo anayetuambia kwamba dawa ni kumtafuta mtunza fedha mcha Mungu, basi, anatupa nusu ya dawa.

Nusu ya pili akina mama wa VICOBA wanaijua. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Mifuko ya pamoja ya uwekezaji imejengwa kwa wazo hilo hilo. Katika Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005, meneja huamua fedha ziwekezwe wapi, lakini mali yenyewe hushikwa na benki, nayo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana huwasimamia. Bei ya kipande hutangazwa hadharani.

Wako ndugu wanaosema kwamba kufuli ni dalili ya kutoaminiana, na kwamba haifai kati ya waamini. Mtume Paulo hakuona hivyo. Alipokusanya sadaka kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alitaka ndugu wengine wafuatane nayo, ili mtu yeyote asije akawashuku. Yeye aliyeweza kudai kuaminiwa hakudai. Aliona kwamba kukubali kukaguliwa ni sehemu ya uaminifu wenyewe.

Hata hivyo kufuli hulinda fedha; hailindi shauri. Hakuna mkaguzi awezaye kujua kama msimamizi alikaa kimya pale ambapo ukweli ungempunguzia malipo. Mteja anataka kununua kwa sababu wenzake wananunua: je, atamwambia ngoja? Mteja ana deni la riba kubwa: je, atamwambia lipa deni kwanza, hata kama fedha hizo hazitapita tena mikononi mwake? Hapo yuko peke yake na Mungu wake, na hapo ndipo tunaposema kwamba imani ina kazi ya kufanya ofisini.

Kwa hiyo hatuwaambii vijana wetu waikimbie kazi hii. Msimamizi wa talanta aliyeifukia ardhini hakusifiwa kwa usafi wa mikono yake. Tunawaomba mambo mawili. Wakubali kufuli bila kununa. Na shauri lile wanalowapa wenye mabilioni, walilete pia kwa vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani, walau Jumamosi moja kwa mwezi, bila kuuza chochote. Wenye akiba ndogo nao wana kesho ya kuilinda, na kosa moja kwao linaweza kuwa ada ya mtoto ya mwaka mzima.