Spika ya Kubeba Haikutengenezwa Kuishi Kwenye Chaja

Televisheni za siku hizi ni nyembamba, na wembamba huo umekula sauti yake. Zile za zamani zenye mgongo zilikuwa na nafasi ya spika nzito. Hizi zina vispika vidogo vinavyotazama chini au ukutani, na mtu mzima aliyekaa kochi la nyuma hasikii mtangazaji anasema nini. Ndiyo maana nyumba nyingi sasa zinaunganisha spika ya bluetooth kwenye TV. Kazi yenyewe ni nyepesi: unaiwasha spika, unaingia kwenye mipangilio ya TV upande wa sauti, unachagua jina lake kwenye orodha, imekwisha. Siandiki kuwazuia watu wasifanye hivyo. Naandika kwa sababu ya yaliyoipata familia moja ya majirani zetu hapa Tanga, watu makini kabisa, na kwa sababu kila nikiyapima naona yangeweza kunipata mimi au wewe.

Baba wa nyumba ile alikuwa na nia njema. Mama yake mzazi anaishi nao na masikio yake yamechoka, akawa anataka kusikia taarifa ya habari na mawaidha bila TV kupandishwa sauti hadi nyumba ya pili. Akachukua spika waliyokuwa nayo, ile ya kuchaji wanayokwenda nayo ufukweni na kwenye shughuli, akaiunganisha. Bibi akafurahi.

Tatizo la kwanza lilikuwa dogo: midomo ya msomaji wa habari ilitangulia, sauti ikafuata nyuma. Hilo ni la kawaida. TV huibana sauti kabla ya kuirusha, na spika huifungua kabla ya kuitoa, hivyo sehemu ndogo ya sekunde hupotea njiani. Wakamwita fundi. Akawarekebishia kwenye mipangilio ya kuoanisha sauti na picha, kisha akasema neno ambalo lingewaokoa: "Mzee, hii ni ya kubeba. Kama ni ya TV kila siku, tafuta ya kuchomeka kwenye umeme, isiyo na betri." Walimshukuru, wakamlipa, na ushauri ukaishia mlangoni. Nani kati yetu angenunua spika nyingine wakati iliyopo inaimba vizuri?

Hapo ndipo lilipo kosa ambalo ningependa kila msomaji alielewe. Spika ya kubeba imetengenezwa ichajiwe, ichomolewe, itumike, ichajiwe tena. Ukiiunganisha na TV, unaigeuza kuwa chombo cha kudumu cha sebuleni. Itazimika katikati ya mechi, watu watalalamika, na dawa ya haraka itakuwa kuiacha kwenye chaja usiku na mchana. Familia ile ilifanya hivyo hivyo. Chaja iliyotumika ilikuwa ya mtaani, haikuja na spika. Spika ikawekwa juu ya kabati nyuma ya TV, na kwa kuwa mama wa nyumba anapenda sebule yake ipendeze, ikafunikwa kitambaa cha kufuma.

Kisha dalili zikaanza kuja, tena kwa utaratibu, kama kwamba zilitaka zisikilizwe.

Ya kwanza ilikuwa joto. Mama alipofuta vumbi aliigusa akaondoa mkono. Akasema, na mumewe akamjibu kwamba kila kitu cha umeme kina joto lake. Jibu lile lina ukweli ndani yake, ndiyo maana lilimridhisha. Lakini uvuguvugu ni kitu kimoja, na joto la kukuondoa mkono ni kingine.

Ya pili ilikuja umeme ulipokatika. Spika ambayo zamani ilicheza jioni nzima kwa chaji moja ikazimika mara tu. Betri inayoishiwa nguvu kwa haraka namna ile imeshachoka ndani. Wao walifikiri ni chaja haishiki vizuri, wakaibana zaidi kwenye soketi.

Ya tatu aliiona mtoto. "Baba, mbona spika inayumba?" Akajibiwa kuwa kabati halikukaa sawa. Hakuna aliyeigeuza kuitazama chini, ambako mfuniko wa betri ulikuwa umetuna. Kuna dalili nyingine tunaweza kubishana nazo, ila betri iliyovimba haina mjadala. Ndani ya betri ya lithiamu kuna maji ya kemikali. Ikikaa muda mrefu ikiwa imejaa, tena kwenye joto, kemikali hizo huharibika polepole na kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayovimbisha. Utando unaotenganisha pande mbili za betri ni mwembamba kuliko unywele. Ukitoboka au ukiyeyuka, pande hizo hugusana, joto hupanda ghafla, na joto huzaa joto zaidi hadi moto utoke.

Ya nne ilikuwa harufu tamu tamu, kali kidogo, jioni ya siku ya mwisho. Wakadhani binti amepaka rangi ya kucha.

Moto ulitoka usiku, watu wamelala. Baba alisikia mlio wa kupasuka, akakuta moshi umejaa sebuleni. Hapo alifanya jambo sahihi ambalo namsifu kwalo: alizima swichi kubwa, akawatoa watoto na mama yake nje kwanza, vitu baadaye. Majirani wakaja na ndoo za maji. TV, king'amuzi, kabati, pazia na sehemu ya dari viliteketea. Bibi alivuta moshi, akalazimika kutibiwa hospitali. Hakuna aliyefariki, alhamdulillahi.

Asije mtu akasema hao walikuwa wazembe. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung, yenye wahandisi wake wote, iliirudisha kutoka sokoni simu ya Galaxy Note 7 kwa sababu betri zake zilikuwa zinawaka, ikatoa nyingine badala yake, nazo zikawaka, hadi ikaacha kabisa kuitengeneza. Ikiwa waliotengeneza betri wanaweza kukosea, sisi tunaozifunika kwa vitambaa tuwe na hofu kidogo.

Ndugu zangu, kama spika ya TV yenu ni ya kubeba, ichajieni mchana mkiwa macho, kwa chaja iliyokuja nayo au inayolingana na maandishi yaliyo chini yake, kisha mchomoe. Iwekwe pahali pa wazi, pagumu, mbali na pazia. Msilitegemee tundu la USB la TV kama njia ya kuichaji bila kuichomoa: mengi hutoa nusu ampea tu, na spika ikipigwa kwa sauti kubwa inaweza kula zaidi ya inachopokea, betri ikabaki inapungua na kujazwa siku nzima. Mwenye uwezo anunue ya kuchomeka umeme. Hata ya bei ndogo ikiunganishwa kwa waya kwenye tundu la sauti la TV, ule uchelewaji wa midomo kwa kawaida huondoka.

Na ukiikuta imevimba, usiichaji hata mara moja ili ujaribu. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa moto. Itoe nje, iweke juu ya saruji au mchanga mbali na watoto, kisha mpelekee fundi anayejua betri. Ikiwa imeshawaka, kata umeme, toa watu, na kwa Tanzania piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, ambayo haitozi hela.