Bei Nafuu Haivuki Mpaka Peke Yake

Al Thumama, kusini mwa Doha, kuna uwanja wa mpira uliojengwa kwa umbo la kofia ambayo wanaume wa Ghuba huvaa chini ya kilemba. Mtu wa pwani yetu akiuona anaitambua kofia hiyo bila kuuliza. Siku ya mapumziko ikifika, wenzetu wanaofanya kazi mjini humo hupanga manunuzi kwa kufuata karatasi za ofa: wiki hii mchele, wiki ijayo mafuta ya kupikia. Mwenye kuona jinsi ofa inavyojaza duka huanza kuota supamaketi yake mwenyewe ya bei nafuu, nyumbani au hata nchi jirani. Anayeota hivyo asikie kwanza habari za Choppies.

Choppies ilianza mwaka 1986 na duka moja mjini Lobatse, Botswana. Ilikua kwa bei ambazo mwenye kipato kidogo anazimudu, na bei hizo zilikuwa na chanzo. Maduka yaliongezeka yakakaribiana, malori yalikuwa yao, maghala yao, hata baadhi ya bidhaa zilikuwa na chapa yao. Lori likitoka ghalani likapitia maduka kadhaa kabla ya kurudi, gharama ya safari hugawanywa kwa maelfu ya mifuko ya unga. Unafuu unazaliwa humo barabarani, siku nyingi kabla ya kibandiko cha bei kufika kwenye rafu.

Mwaka 2016 ikaingia Kenya kwa kununua maduka ya Ukwala, jina lenye mizizi Kisumu. Njia hiyo huvutia: majengo yapo, wateja wapo. Lakini maduka yalikuwa machache, maghala ya Botswana yako mbali mno, na supamaketi za Kenya, Naivas na Tuskys, zilikuwa wenyeji wa mitaa ile. Tena wasambazaji wa Kenya walikuwa na majeraha. Supamaketi ya Uchumi ilikuwa imefunga maduka yake ya Uganda na Tanzania Oktoba 2015, na kufikia 2017 rafu za Nakumatt, iliyokuwa imetanuka hadi Uganda, Rwanda na Tanzania, zilikuwa tupu huku madeni yakiwa mabilioni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nani angempa mgeni mali kauli, bidhaa za kulipia baadaye, kwa moyo mkunjufu? Na muuzaji wa bei ya chini anaihitaji mali kauli kuliko yeyote, maana faida ya kila pakiti ni ndogo mno. Anaishi kwa kuuza upesi kabla siku ya kumlipa msambazaji haijafika.

Mwaka 2018 Choppies ikachelewesha hesabu zake, hisa zake zikasimamishwa sokoni. Mwaka uliofuata ikatangaza kuondoka Kenya, na pia Tanzania na Msumbiji ilikokuwa imeingia.

Wapo watakaosema mgeni hakukubalika. Siamini. Supamaketi ya Carrefour nayo ni ngeni, iliingia Kenya mwaka uleule wa 2016, ikadumu. Wala asili ya mwenye duka si hoja: Ramachandran Ottapathu aliyeikuza Choppies ni mtu wa Kerala, kama alivyo Yusuff Ali wa LuLu, kampuni ya supamaketi ya Abu Dhabi iliyofungua duka kubwa D Ring Road, si mbali na Al Thumama.

Hoja ni njia ya mzigo, na Doha penyewe palipata mtihani wake. Maziwa mengi yalikuwa yakija kwa malori kutoka Saudia kupitia mpaka wa Abu Samra. Tarehe 5 Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, mpaka ukafungwa, watu wakakimbilia madukani. Mfanyabiashara aliyekuwa na njia moja tu ya mzigo alibaki akitazama rafu zake. Mwenye watu wa kumnunulia katika nchi nyingi alipiga simu. Baada ya siku chache maziwa ya Uturuki yaliletwa kwa ndege, na wanunuzi wakasimama mbele ya majokofu wakizigeuza pakiti, wakijaribu kusoma Kituruki.