Msaada wa Ndege na Hiari ya Binadamu

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Kauli hii tumeizoea mno hata hatuipimi tena. Tunaiitikia tu, mfano wa kibwagizo. Lakini ndani yake mna swali zito. Ule mkono wa pili, usiozaa, walea kwa nini? Je, ni kwa wema, ni kwa faida, au ni kwa kuwa haukuwa na pengine pa kwenda?

Washairi wetu wamezoea kumtuma ndege awapelekee salamu. Safari hii na tumtume atuletee jibu.

Katika visiwa vya Shelisheli, ndani ya bahari hii hii ya Hindi, yuko ndege mdogo mwimbaji, wa rangi ya hudhurungi, ambaye wataalamu humwita Acrocephalus sechellensis. Kufikia mwaka 1968 walikuwa wamesalia chini ya 30 ulimwenguni kote, wote katika kisiwa kidogo cha Cousin, ambako minazi ilikuwa imechukua pahala pa msitu wa asili. Mwaka huo kisiwa kilinunuliwa kikafanywa hifadhi, msitu ukaachwa uote upya, na ndege wakaongezeka hata wakapindukia 300. Hapo kisiwa kikajaa. Kila eneo likawa na wenyewe, na vijana wengi, hasa wa kike, wakawa hawajitegemei bali hubaki kwa wazazi wao, wakisaidia kujenga kiota, kuatamia yai na kuwalisha wadogo zao.

Mwaka 1964 mwanazuoni Mwingereza W. D. Hamilton alikuwa ameshaeleza namna tabia kama hii iwezavyo kudumu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushirikiana, kwa wastani, nusu ya urithi wa maumbile, kiasi kile kile kilichopo baina ya mzazi na mwanawe. Basi amleaye nduguye hajapoteza yote. Sehemu ya urithi wake yaendelea katika mwili wa mwingine. Ikiwa faida anayoipata yule ndugu, ikishapimwa kwa ukaribu wa udugu wao, inaizidi gharama ya msaidizi, tabia ya kusaidia itarithiwa na kuenea.

Atakuja mwenye kusema kwa pupa: Kumbe! Wema ni choyo kilichovaa kanzu! Hoja hii ina dosari, kwani inachanganya chanzo cha jambo na thamani yake. Shairi halipungui utamu kwa kuwa mtunzi wake alilipwa. Halikadhalika kinda aliyelishwa ameshiba kweli, wala mdudu aliyetiwa mdomoni mwake si wa kubuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa, miongoni mwa ndege hao wa Cousin, mama wakongwe waliopata wasaidizi walizeeka polepole kuliko waliokosa. Msaada, basi, ni msaada, hata kama mizizi yake imo katika damu.

Hata hivyo, ndege wetu hajamaliza ujumbe wake. Mwaka 1988 ndege 29 walichukuliwa kutoka Cousin wakapelekwa kisiwa cha Aride, ambako hapakuwa na hata mmoja wa jinsi yao. Mtafiti Jan Komdeur aliwafuatilia. Vijana waliozaliwa huko mwanzoni hawakubaki kuwasaidia wazazi. Kila mmoja alikwenda kujitafutia eneo lake na kuzaa. Maeneo mazuri yalipokwisha kujaa, ndipo wasaidizi walipoanza kuonekana tena. Maana yake ni kwamba udugu peke yake haukuwaweka nyumbani. Nje palikuwa hapana nafasi.

Kwa keremkerem wenye paji jeupe, wanaochimba matundu katika kingo za udongo kandokando ya Nakuru, Kenya, mambo ni mazito zaidi. Watafiti Stephen Emlen na Peter Wrege walieleza mwaka 1992 jinsi baba anavyomwendea mwanawe aliyekwisha kupata mwenza, akamsumbua na kumzibia mlango wa tundu, hata kijana akavunjika moyo, akaacha uzazi wake na kurudi kumsaidia baba. Mpita njia atakayemwona kijana huyo akilisha makinda atasifu mapenzi ya jamaa. Hakuuona mlango uliozibwa.

Hapa ndipo swali la ndege linapokuwa letu. Katika nyumba zetu nyingi yuko shangazi au mama mdogo aliyelea watoto wa ndugu zake, akauguza wazee, akazika. Twamsifu, naye astahili kusifiwa. Lakini ni nani aliyemwuliza kama alichagua? Pengine kila alipoposwa palizuka sauti: mama atabaki na nani? Pengine alipotaka kusoma aliambiwa angoje wadogo wakue, nao walipokua wakazaa, akapewa na hao awalee. Sifa zinazotolewa pahala pa swali hugeuka kufuli.

Mtu aweza kupinga kuwa hiari kamili haipo, na kwamba jamii ikimwachia kila mmoja aondoke, nani atalea? Nakubali kuwa hakuna atendaye bila sababu. Ila kuwa na sababu si sawa na kufungiwa. Ndege wa Aride alipoona nafasi aliondoka, wala hatumlaumu. Binadamu anaweza kuiona nafasi, akaitafakari, kisha akabaki; na kubaki huko ndiko kunakostahili kuitwa hisani. Haki hiyo hawezi kuipata asiyefunguliwa mlango kwanza. Wajibu wa ukoo, basi, ni kuufungua, kuugawa mzigo wa malezi kwa wanaume na wanawake pia, na kutomwita msaliti atakayetoka.

Mkono mmoja haulei mwana, hilo halina ubishi. Lakini mkono wa pili nao una mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuulizwa.