Kazi Haipotei, Inahama

Uliza mtandaoni namna ya kufanya kazi nyumbani bila kupoteza siku, na utapewa orodha ileile kila mara. Amka mapema. Oga, uvae kama mtu anayetoka. Tenga mahali pa kazi tu. Weka simu mbali. Na la tano: waambie watu wa nyumbani wasikusumbue.

Manne ya kwanza ni kati ya mtu na nafsi yake. La tano ni la namna nyingine, kwa sababu linamhusu mtu wa pili, na akishaingia mtu wa pili, swali la ufanisi linageuka kuwa swali la haki. Nalitazama hilo la tano kwa sababu naandika tasnifu yangu ya uzamili nikiwa kwa bibi yangu, Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, katika nyumba ambayo hakuna mtu asiye na kazi.

Ushauri ule unachukulia kwamba nyumba ni mahali pa kupumzika, na kazi ni mgeni aliyefika juzi. Machi 2020, vyuo vyetu vilipofungwa kwa sababu ya korona hadi Juni, wengi tulimpokea mgeni huyo kwa mara ya kwanza. Lakini mgeni si kazi. Mgeni ni ule utengano wenyewe wa kazi na nyumba. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson, katika insha yake ya 1967 kuhusu muda na nidhamu ya kazi, alionyesha kwamba hata kwao Uingereza watu walizoea kufuata kazi yenyewe, si saa: kazi ikiwepo hufanywa, ikiisha watu hukaa, na mazungumzo huchanganyika na jasho. Nidhamu ya kiwandani ndiyo iliyoikata siku vipande viwili, muda wa tajiri na muda wako.

Kaole siku haijakatwa hivyo. Mvuvi hufuata maji, na maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, hivyo baada ya wiki moja yamesogea karibu saa sita. Ukimkuta amekaa barazani saa nne asubuhi, humwiti mvivu. Maji hayajamwita. Bibi naye husuka ukili huku chungu kiko jikoni, jirani anazungumza, na mtoto anadurusu masomo ya madrasa. Mkeka unakwisha bila chumba maalumu.

Je, nami nifanye kama bibi? Siwezi, na si kwa sababu kazi yangu ni bora. Ukili unavumilia kukatizwa, kwani vidole hukumbuka vilipoishia. Hoja haivumilii. Ukiitwa katikati ya sentensi, unarudi kwenye ukurasa kama mtu aliyetoka safari. Mwaka 1929 Virginia Woolf aliandika kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji pauni 500 kwa mwaka na chumba chenye kufuli. Kuhusu kufuli nakubaliana naye. Ila mtoto wa kike aliyelelewa katika nyumba ya pwani hana budi kuuliza swali moja zaidi: mlango ukiwa umefungwa, nani anapika? Woolf alikuwa na mpishi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kazi ya nyumbani haipotei kwa sababu mimi nimefunga mlango. Inahama. Nikijifungia kuanzia saa tatu hadi saa saba, nazi bado itakunwa na maji bado yatachotwa. Vitakunwa na kuchotwa na bibi, ambaye magoti yake yamechoka, au na mdogo wangu wa darasa la sita, ambaye Jumamosi ana hesabu zake za kufanya. Orodha ya mtandaoni haimtaji huyo mtoto, ingawa yeye ndiye anayelipia utulivu unaosifiwa humo.

Na kazi hiyo haihamii kwa yeyote tu. Binamu yangu wa kiume alipokaa hapa akijiandaa kwa mitihani ya uhasibu, nyumba ilinyamaza yenyewe. Hakuna aliyetoa amri. Mimi nikiwa na laptopu mapajani, bibi husema kwa upole kabisa, "Mwanangu, maadamu umekaa, nitazamie chungu." Umekaa! Hana nia mbaya. Anatumia lugha tuliyo nayo sote. Muulize mwanamke aliyeamka kabla ya alfajiri, akafagia, akachota, akapika na kufua, kazi yake ni nini, naye atakujibu, "Sina kazi, nipo tu nyumbani." Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa zote za kazi ya malezi na matunzo isiyolipwa duniani. Hizo zote ni saa za watu ambao "wapo tu".

Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya 1962 kuhusu Ujamaa, alitumia methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kuonyesha kwamba katika jamii zetu kila mtu alikuwa mfanyakazi. Miaka mitano baadaye, akiandika juu ya ujamaa vijijini, alikiri kwamba wanawake walifanya, na bado walikuwa wanafanya, zaidi ya sehemu yao ya haki, shambani na nyumbani. Kwangu hizo ni hoja mbili za kusomwa pamoja. Ukiwa na jembe, haijajulikana bado nani amebaki na sufuria.

Mtu anaweza kunijibu kwamba tasnifu hii itainufaisha nyumba nzima. Nikipata ajira, bibi atatibiwa magoti na mdogo wangu atalipiwa masomo, kwa hiyo ninachochukua leo ni mkopo. Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Lakini ndiyo hiyohiyo iliyopeleka wavulana wengi shuleni kwa migongo ya dada zao, na wengi wa dada hao hawakuulizwa. Mkopo ambao mkopeshaji hakuulizwa una jina jingine. Tena, Jumamosi ya mtoto wa miaka 12 hairudishwi kwa mshahara. Nitaweza kumlipia ada, ila siku ile siwezi kumrudishia.

Basi nisifunge mlango kabisa? Hapana. Pwani ina adabu ya hodi: unabisha mara tatu, usipoitikiwa unaondoka bila kinyongo. Suratun-Nur inafundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na kurudi ukiambiwa rudi. Inakwenda mbali zaidi: hata walio ndani ya nyumba, wakiwamo watoto, waombe ruhusa nyakati tatu, yaani kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri, na baada ya isha. Kwa hiyo mlango uliofungwa haukuletwa na Wazungu. Ninachojifunza humo ni kwamba haki hiyo ina nyakati zinazojulikana, na si ya mtu mmoja. Hicho ndicho kipimo ninachokitafuta: mlango wangu ni halali ikiwa kila aliyemo nyumbani anaweza kuwa na wake.

Tumejaribu kuishi hivyo. Kuanzia alfajiri hadi saa tatu ni zangu, na hata chungu kikiungua siitwi. Baada ya hapo chakula cha mchana ni juu yangu. Saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu ni za mdogo wangu, na hatumwi dukani hata kwa kiberiti. Binamu akija, maji ni yake. Siku ya kwanza alicheka, kisha akabeba ndoo. Bibi alipoulizwa anataka muda gani, alishangaa. "Mimi mlango wa nini?" Baadaye, akiwa anakusanya miyaa yake, akasema kwamba baada ya alasiri angependa asiulizwe kitu na mtu yeyote, ajinyooshe tu. Kwa umri wake wote hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mpango huu una gharama. Naandika kurasa nne kwa wiki mahali ambapo ningeweza kuandika sita, na tarehe ya kuwasilisha haisogei kama maji. Huenda nikaomba muda wa ziada, na kwenye fomu kuna nafasi ya kueleza sababu. Nitaandika kwamba nilikuwa nafanya kazi nyumbani.