MUUGUZI TUMPIME KWA KIPIMO GANI?

Somo: Kutoka 1:15–21



Shifra na Pua walikuwa wakunga kule Misri. Farao alikuwa na kipimo chake cha mkunga mwema: yule anayetii amri, hata ya kuua watoto. Kwa kipimo hicho wale akina mama walianguka. Kwa kipimo cha Mungu walipita, tena wakabarikiwa. Je, sisi muuguzi wetu tunampima vipi?

Vipimo viko. Baraza la Wauguzi la Kenya linampa leseni, na akitaka kuihuisha lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Rejista nayo inahesabu watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua. Ni vizuri, tusidharau. Lakini rejista inasema mama alihudumiwa; haisemi kama alisalimiwa ama alitukanwa.

Sasa tuguse penye kidonda. Tarehe 5 Juni 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma, na mgomo ukaendelea mpaka Novemba, karibu miezi mitano. Wengi tulisema, "Hawa hawana utu." Ngoja kidogo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya kugoma. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Haki ni mbili, na mama mwenye uchungu wa kuzaa amesimama katikati yake usiku.

Kugoma peke yake si kipimo. Kuna anayeripoti kazini kila siku na moyo wake uligoma zamani. Kuna anayedai glavu na mshahara, na kudai kwake kunamsaidia hata mgonjwa wa kesho. Kipimo ni hiki: gharama ya madai yake inamwangukia nani? Shifra na Pua walimkatalia Farao, hawakumkatalia mtoto. Muuguzi anaweza kumkatalia mwajiri, lakini asimwache anayevuja damu mlangoni. Huyo hakumnyima mshahara.

Na sisi je? Mpango wa MakueniCare ulipoanza mwaka 2016, nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Pesa hiyo haikutununulia ruhusa ya kumfokea sista anayelinda wodi usiku peke yake. Wakati wa mikutano ya bajeti ya kaunti, tunauliza kuhusu barabara na maji. Nani anauliza wauguzi wako wangapi? Tukinyamaza hapo, mzigo tunautupia mgonjwa sisi wenyewe. Mathayo 7 inatukumbusha kwamba kipimo tunachotumia kitaturudia.

Swali la wiki: Ni nani asiye na sauti anayelipia madai yangu, kazini kwangu au nyumbani?

Tuombe: Bwana, wape wauguzi wetu ujasiri mbele ya wakubwa na huruma mbele ya wadogo. Nasi utupe vivyo hivyo. Amina.