Haki ya Kumtoa Mtu Nyumbani

Nyumba ya kupangisha ina wenyewe wawili. Wa kwanza ni yule aliyeijenga au kuirithi. Wa pili ni yule anayelala ndani yake. Wa kwanza ana hati, wa pili ana ufunguo. Madhali kodi inalipwa, wawili hawa hukaa kwa salama, na pengine kwa udugu. Lakini kodi ikikoma, kila mmoja humwona mwenzake kuwa mdhalimu. Swali la insha hii ni jepesi kulitaja na zito kulijibu: mwenye mali, aliye na haki ya kuitwaa mali yake, kwa nini alazimishwe kwenda kuiomba haki hiyo kwa watu wengine?

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Husemwa kuwa mwenye nyumba ni tajiri na mpangaji ni maskini. Katika mji wa Dar es Salaam mambo hayawi hivyo siku zote. Nyumba nyingi za Magomeni, Manzese na Temeke ni za vyumba vichache, ukumbi katikati na ua nyuma. Mwenyewe hulala katika chumba kimoja na kula kwa kodi ya vingine. Mpangaji asipolipa, jiko la mwenye nyumba huweza kupoa kabla ya jiko la mpangaji. Huruma inayomwendea mmoja tu kati yao ni nusu ya huruma.

Jambo hili lilinijaribu mimi mwenyewe. Mimi na ndugu zangu tulirithi nyumba ya namna hiyo, na shangazi yetu akaishi ndani yake kwa kutegemea kodi. Mpangaji mmoja, mwenye mke na watoto wawili, alikaa miezi mitano bila kulipa. Mara tatu alinijibu kwa upole, na mara ya nne kwa ukali. Jumamosi moja jioni nikamwita fundi aje aung'oe mlango wa chumba, maana desturi hii inajulikana mjini: mlango hung'olewa, au bati huezuliwa, na mpangaji hujiondoa mwenyewe. Fundi alikuwa amekwisha kuilegeza bawaba ya juu shangazi alipotoka uani akaniuliza, "Baba, mlango ni wako. Na usiku wa leo wa watoto hawa, ni wa nani?" Sikuwa na jibu. Fundi akaikaza bawaba, nami nikamlipa ujira wa kazi isiyofanyika.

Njia iliyobaki ilikuwa ya sheria. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni jambo la mapatano. Lakini kumtoa mtu kwa nguvu hakukuachwa mikononi mwa mwenye nyumba. Kwanza humpa mpangaji notisi ya maandishi. Anayepanga kwa mwezi haipungui mwezi mmoja. Kisha shauri huenda Baraza la Kata, lenye wajumbe wanne hadi wanane, ambao watatu sharti wawe wanawake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hili halihukumu. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa hutoa hati ya kushindwa, na siku 30 zikipita bila suluhu mdai huweza kusonga mbele.

Mbele yake ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililowekwa na sheria ya mwaka 2002. Huko mdai hupeleka maombi yanayotaja majina na anwani za pande mbili, mahali nyumba ilipo, chanzo cha ugomvi, thamani ya kinachogombewa, na nafuu anayoiomba. Mjibu maombi hupewa siku 21 za kujibu kwa maandishi. Mwenyekiti huketi pamoja na wazee wa baraza wasiopungua wawili, nao hutoa maoni yao kwa maandishi. Mwenyekiti hafungwi na maoni hayo, lakini akiyakataa hana budi kueleza sababu. Asiyeridhika huweza kukata rufaa Mahakama Kuu katika siku 45. Na amri ya kumtoa mpangaji ikipatikana, mwenye nyumba haitekelezi kwa mkono wake. Hutekelezwa na dalali aliyeidhinishwa.

Mwenye haraka ataona hapa vizuizi vitupu. Mimi niliviona hivyo. Lakini tukivitazama vizuri, tutaona kwamba vyote vina kusudi moja: kutenganisha kazi tatu ambazo hasira huziunganisha. Mimi nikiwa na fundi mlangoni nilikuwa mdai, hakimu na mtekelezaji kwa wakati mmoja. Sheria iliniachia kazi ya kwanza ikaninyang'anya mbili. Haikusema kuwa sina haki. Ilisema kuwa mwenye haki si shahidi mwema wa ukubwa wa haki yake.

Yako mashaka ya kweli, wala si haki kuyaficha. Siku za sheria ni ndefu kwa tumbo lenye njaa. Mpangaji mwenye hila huweza kuzifanya ngao, na dawa ya deni, ambayo ni kulipa, ikacheleweshwa mpaka deni likafa. Katika shauri letu tulipatanishwa katani: mpangaji akakubali kuhama baada ya miezi miwili na kulipa kidogo kidogo. Alihama kwa siku aliyoahidi. Sehemu ya deni hakuilipa mpaka leo. Hasara hiyo aliibeba shangazi, si mimi niliyekuwa na mshahara. Kwa hiyo nisiseme kwamba uungwana haugharimu kitu.

Hata hivyo nauliza: bisibisi iliyoruhusiwa kuung'oa mlango wa asiyelipa, itajuaje kuuacha mlango wa aliyelipa lakini hana stakabadhi? Mwenye nguvu mpishe, wahenga walinena. Nao walinena hivyo kwa kuijua dunia ilivyo, si kwa kuisifu. Baraza limewekwa ili mwenye nguvu naye apishe. Leo mimi ni mwenye nyumba. Kesho mwanangu atapanga chumba katika mji nisioujua, kwa mtu nisiyemjua. Ninachomtakia mwanangu usiku ule ndicho nilichodaiwa na shangazi jioni ile.

Haki ya kumtoa mtu nyumbani ipo, wala si aibu kuidai. Lakini ni haki ya kuombwa mchana, mbele ya watu, kwa maneno yanayoweza kujibiwa. Ikichukuliwa usiku kwa bisibisi, mali hubaki yako, na haki huwa imekwisha kukutoka.